Upo Radhi Kulipa Kiasi Gani?

Kikuyu,
Dodoma.
6 Oktoba, 1996

Kaka Damiani,

Shikamoo kaka. Naanza na shikamoo kabla ya neno lingine lolote kwa sababu nakufahamu: barua isiyokuamkia unaikunja na kuisahau chini ya redio mpaka mwezi uishe. Marahaba yako nimeshaipokea. Habari za Tabora? Wifi Anjelina mguu wake unaendeleaje, uvimbe umeshuka? Mwambie namuulizia, na ile kanga aliyonitumia Krismasi ya mwaka juzi naivaa kanisani tu, siipeleki jikoni hata kidogo. William naye nimesikia amechaguliwa kwenda sekondari. Mpe mkono kwa niaba yangu, umwambie shangazi yake alipiga vigelegele peke yake chumbani mpaka jirani akaja kuuliza kuna harusi ya nani.

Sisi huku tu wazima. Shemeji yako Rodgers bado anafundisha, bado analalamikia mshahara, na bado anatia sukari vijiko vinne kwenye chai. Watoto wanakua, viatu haviwatoshi. Jua la Oktoba ni lile lile unalolijua, upepo unarusha vumbi mpaka ndani ya sufuria ya mlenda, na mvua hakuna hata harufu yake. Mji umechangamka, kaka. Tangu wabunge waanze kukutana huku, chumba kimoja cha uani kinapangishwa kwa bei ya nyumba nzima ya zamani. Mama hajambo. Habari za mama ndizo zilizonikalisha kitako leo, kwa hiyo nakuomba usome taratibu, usiruke mistari kama kawaida yako.

Nilikuandikia mwaka jana kwamba nimepunguzwa kazini. Miaka kumi na mitatu ya kupiga chapa, kisha bahasha, tukapeana mikono, na mashine yangu nikaiacha mezani ikiwa na karatasi ambayo sikuimaliza. Nikajaribu kuuza maandazi. Yakanishinda, kwa sababu wateja wangu wakubwa walikuwa wanangu wenyewe. Basi mwezi wa tatu mwaka huu nikapata kibarua kwenye mradi mmoja wa utafiti. Mkubwa wetu anaitwa Bwana Zaidi, mtu wa Pangani, mtaratibu, msomi asiyejisikia. Ukimletea chai anakushukuru kama umemletea mbuzi.

Utafiti wenyewe ni huu, na usicheke. Anasema kwenye ardhi yenye mawe kama yetu hutoka hewa fulani, gesi, inayoitwa radoni. Haina rangi, haina harufu, haikwaruzi koo. Ikiwa nje haina neno, upepo unaichukua. Lakini ikipenya kwenye sakafu ya udongo na kuingia nyumba isiyo na madirisha, inajikusanya humo humo, na mtu akiivuta miaka nenda miaka rudi inaweza kumharibu mapafu. Inaweza, Bwana Zaidi anasisitiza. Si kila mtu, ni wachache katika wengi, na wavuta sigara ndio walio hatarini zaidi. Sasa wewe fikiria tembe zetu. Mlango mmoja, tundu la ukubwa wa ngumi, na hilo tundu lenyewe ikifika mwezi wa sita tunaliziba kwa matambara ili baridi isiingie.

Tulianza kwa kugawa vikopo vya kupimia. Ni vidude vyeusi vya plastiki, vidogo, unakitundika kimoja katika chumba cha kulala kwa miezi mitatu kisha kinapelekwa kusomwa. Tuliviweka hapa Kikuyu, tukaviweka Msalato, na tukaviweka kule nyumbani kwetu nyumba arobaini. Ungekuwepo siku ya kuvikusanya ungevunjika mbavu. Mzee Bartolomayo, jirani yetu yule wa ng'ombe wa pembe moja, alikivaa shingoni akawa anakwenda nacho machungani kila siku, eti kitu cha kupima hewa hakiwezi kufungiwa ndani. Mwingine alikizika katikati ya kilindo cha mtama kisiibiwe. Na neno radoni lilipofika kijijini likawa redio. Mzee Bartolomayo alinihakikishia kwamba kwake hakuna hatari yoyote, kwa kuwa redio yake haina betri tangu Pasaka.

Mama alikiacha pale pale nilipokitundika, juu ya kitanda chake. Alikuwa anakifuta vumbi kila Jumamosi, na asubuhi anakipa mbukwa yake, kwa sababu, alisema, mgeni hawezi kulala ndani miezi mitatu bila kusalimiwa.

Majibu yalikuja mwezi wa nane. Hapa Kikuyu hayakuwa mabaya, Msalato hivyo hivyo. Kijijini kwetu nyumba nyingi zilikuwa juu kidogo, lakini ule mstari wa mwisho, wa nyumba saba zilizoegemea majabali, ulikuwa juu sana. Ya mama iliongoza: mara nne ya kiwango wanachoshauri. Bwana Zaidi alinisogezea karatasi, akaenda kusimama dirishani. Nikamfikiria mama na kile kikohozi chake cha asubuhi. Baadaye Bwana Zaidi akaniambia nisikimbilie kuunganisha mambo, kwamba moshi wa kuni peke yake unatosha kumkohoza mtu, ila chumba hicho si cha kuendelea kulala namna hiyo.

Dawa yake ipo na si ya ajabu. Fundi anachimbua sakafu, anatandika nailoni nzito, anamwaga zege, halafu anatoboa madirisha mawili yanayotazamana ili upepo uingie huku utokee kule. Wafadhili wangetoa sehemu ya gharama na wenye nyumba wangechangia sehemu. Kwa hiyo kazi iliyofuata ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba kuuliza watu wangekubali kuchangia kiasi gani. Dodoso lilikuwa la Kiingereza, nikapewa mimi nilitie kwenye Kiswahili na kulipiga chapa. Hapo ndipo nilipojifanya mjuzi.

Bwana Zaidi alikuwa amependekeza tuulize, uko tayari kulipa kiasi gani. Mimi nikaona hiyo ni kama kuwapanga watu mstarini wakimbie mbio. Nikasema tuwape watu heshima yao, tuandike: Je, upo radhi kulipa kiasi gani kwa mwezi ili hewa hii ipungue katika nyumba yako? Akafurahi mno, akasema hicho sasa ndicho Kiswahili, kwao hata mwenye duka anaweza kukuuliza kama u radhi na bei. Nikavimba kichwa. Nikasahau kwamba kule nyumbani watu wanaongea Kigogo tangu wanaamka mpaka wanalala, na neno radhi wanalijua kwa kazi moja tu: aliyekosa huiomba, na aliyekosewa huitoa.

Mjini tulikwenda vizuri, ingawa watu wana vituko. Mpangaji mmoja aliniambia gesi ni ya mwenye nyumba kwa hiyo alipe mwenye nyumba. Nikamfuata mwenye nyumba, akasema yeye halali humo, anayevuta hewa ni mpangaji. Mama mmoja wa Msalato, Mwantum, anayechukua mahindi Kibaigwa, alisema atachangia endapo watachangia wote mtaani, la sivyo yeye asafishe kwake halafu ya jirani imfuate ukutani? Batuli, mwanamke wa makamo aliyejenga nyuma ya kanisa, alisema chumba wanacholala watoto atatoa chochote nitakachotaja, ila chumba cha mumewe niandike hapana, kwa sababu mwenyewe halali nyumbani. Na karani mmoja mstaafu alikunja gazeti lake, akaniambia maji tumeshaanza kulipia, hospitali tunachangia, shule tunachangia, sasa mmefika kwenye hewa. Akaniuliza kivuli kinaanza lini. Niliandika kiasi alichokubali, kilikuwa kidogo, nikashukuru nikaondoka.

Kule nyumbani mambo yakageuka kabisa. Nilipofika kwa Mzee Bartolomayo na kumsomea swali, alivua kofia. Akaita wanawe walete viti, akanikalisha, akakohoa vizuri, akasema kwamba hili jambo limechelewa sana lakini amelisikia. Akasema tangu ile Operesheni ya mwaka sabini na moja, walipobomolewa nyumba zao kule mashambani na kuletwa kupangwa mistari mistari kama mihogo, hajawahi kuona mtu yeyote akija kuomba radhi, na kwamba yeye kwa upande wake anaitoa. Ila alitaka kujua wenyewe watakuja lini, na kama watakuja na ng'ombe au na mdomo mtupu. Nikamweleza kwamba hapana, babu, wewe ndiye unayeulizwa utatoa kiasi gani. Kisha akauliza, yaani waniombe radhi wao, halafu nilipe mimi? Akavaa kofia yake. Akasema niandike kwamba amecheka.

Kwenye dodoso hakuna mahali pa kuandika mtu amecheka. Niliandika sifuri. Na nyumba zilizofuata zilikuwa hivyo hivyo, kwa sababu habari ilinitangulia kwamba binti wa kwetu anapita kuomba radhi ya Operesheni. Wengine walinipa karanga, wengine walilia kidogo, mmoja alinionyesha kwa mkono upande ule lilipokuwa zizi la baba yake. Lakini pesa, sifuri. Bwana Zaidi alipohesabu zile sifuri alihuzunika, akasema inaelekea watu hawa hawajali mapafu yao. Ningemweleza. Nilianza kufungua mdomo, nikaona aibu ya lile neno langu, nikaufunga.

Mama nilimwacha wa mwisho. Kwa sheria za mradi sikutakiwa kumhoji mama yangu mwenyewe, ila mwenzangu Tumsifu alikuwa amelala na homa kwenye ofisi ya kijiji, na siku ziliisha. Nilimkuta mama mlangoni anapepeta uwele. Tukasalimiana, tukaulizana habari zote, akanipa maji. Ndipo nikatoa kalamu, nikamweleza majibu ya kile kikopo chake, nikamsomea swali.

Aliweka ungo chini. Alijifunga kanga upya, kama anayejiandaa kutoka. Akaniuliza anayeomba radhi ni nani, ni Serikali au ni mtu. Nikamwambia mama, ni swali tu la karatasi. Akasema Serikali haimjui na yeye haijui, kwa hiyo ameshaisamehe. Lakini kulipa hatalipa hata senti, na si kwamba hana. Akasema nyumba yake ya kule kilimani aliijenga kwa mikono yake, ilikuwa na milango miwili na upepo ulikuwa unapita humo kama mwenye nyumba. Hakuomba kuletwa huku. Na hata alipoletwa, hakuomba kuwekwa majabalini. Aliyemweka hapo ndiye aje azibe hiyo hewa.

Nikamuuliza ni nani aliyemweka, kaka, na Mungu anisamehe, nilikuwa nalijua jibu. Akasema Damiani anajua. Akasema siku ile ya kugawa viwanja wewe ndiye uliyeshika vigingi, kijana wa Operesheni, kofia imeinama upande, na viwanja vizuri karibu na kisima vilikuwa bado vipo. Ukampa mama yako cha mwisho kabisa, kwenye mawe, ili wakubwa wako wakuone hupendelei. Akasema paa la nyumba ya kilimani ulipolitoa wewe mwenyewe hakukasirika, maana ulitumwa, ungekataa wangelitoa wengine kwa fujo zaidi. Ni kile kigingi. Kwa kigingi kile alijua kwamba mwanawe ameona haya kuwa mwanawe. Miaka ishirini na mitano hajamwambia mtu.

Nilimsihi. Nikamwambia mimi na Rodgers tutatoa mchango wote, fundi aje wiki ijayo atoboe madirisha. Akasema nyumba hiyo hatoboi fundi wa Rodgers. Nikamsihi basi angalau ahamie chumba cha mbele. Akasema amekizoea cha ndani. Halafu akachukua ungo wake akaendelea kupepeta, tena kwa utulivu, na kikohozi kikamjia, akageuka pembeni akakohoa, akarudi kwenye uwele. Niliandika sifuri.

Sasa kaka, kama umesimama, kaa.

Wewe unajua vizuri kwamba hukumpa mama kiwanja kile kwa kupenda kwako. Unajua kwamba uliuliza. Nilikuwa na miaka kumi. Mama alikuwa ameenda kilimani kuchukua mzigo wa mwisho, akanituma mbio nikwambie ameona kiwanja cha pili kutoka kisimani na hicho ndicho anachokitaka, umwekee kabla watu hawajakichukua. Nikaja mbio. Nikakukuta na vigingi begani. Nikakwambia mama anasema anataka kule kwenye majabali. Ulishangaa, unakumbuka? Uliniuliza mara mbili, ukasema mbona kule kuna mawe matupu. Nikaapa. Nikakushika mkono mpaka kwenye mawe, nikaonyesha kwa kidole, ukapiga kigingi.

Sidonia alikuwa amepewa kiwanja kule, yule rafiki yangu wa kufa na kuzikana, na lile jabali kubwa lilikuwa na mteremko laini wa kutelezea. Hakuna sababu nyingine. Nimeitafuta sababu nyingine miaka yote hii ili nijitetee, sijaipata. Nilitaka kutelezea na Sidonia.

Mama aliporudi na mzigo kichwani akakikuta kigingi, nilikuwa nyuma yako. Nilimwona anavyokutazama. Nilingoja anitazame na mimi, anichape, yaishe. Hakuuliza kitu, alitua mzigo tu. Wewe ukadhani amenuna kwa ajili ya paa la kilimani. Yeye akadhani ulisikia ujumbe ukaupuuza. Na mimi katikati yenu nikala ugali wangu nikaenda kutelezea. Mwaka wa sabini na nne ulipoondoka kwenda Tabora, ukamuaga mama naye akakupa mkono bila kukutemea mate ya baraka, nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nilishakuwa na akili ya kutosha kusema. Sikusema. Nilipoolewa ukaja ukumbini, ukakaa upande wa wageni, mama upande wa wenyeji, sikusema. Kila mwaka treni inakupitisha hapo Bahi ukienda Dar kwa shughuli zako za ufundi, unaona mpaka moshi wa nyumbani, na hushuki. Nimekuwa nikisema mbele za watu kwamba kaka yangu ana roho ngumu. Nimesema hivyo kwa macho makavu. Nisamehe.

Wiki mbili nilitembea na jambo hili kama mtu aliyemeza jiwe. Jumamosi iliyopita nikapiga moyo konde, nikaenda nyumbani, nikamkuta mama ameketi pale pale, nikapiga magoti nikamweleza yote, mpaka na jabali la kutelezea. Sitaki kutia chumvi, kaka. Hakulia wala hakunipiga. Kisha akauliza kama ni kweli uliniuliza mara mbili. Nikasema ni kweli, tena ulisema kule kuna mawe matupu. Akarudia maneno hayo polepole, kama anayeyaonja: alisema kule kuna mawe matupu. Alisimama akaingia ndani. Nilimsikia anazungumza na mtu, nikashtuka, nikachungulia. Alikuwa amesimama mbele ya ule msumari kilipokuwa kikining'inia kikopo, anataja jina lako.

Alipotoka akanituma. Alinifanya nirudie ujumbe mara tatu kabla hajaniruhusu kuondoka, na ana haki. Kwa hiyo yanayofuata si maneno yangu, sijapunguza wala sijaongeza neno.

Mama anasema: mwambie Damiani nyumba ina hewa mbaya na inataka madirisha mawili. Mwambie nimekataa mafundi wote, namngoja yeye, aje na patasi yake. Mwambie nilimhukumu bila kumuuliza hata mara moja, na yeye aliuliza mara mbili. Mwambie mama yake anamwomba radhi.

Nilimwambia mama, mzazi hamwombi mwanawe radhi, haijawahi kuonekana. Akasema basi ndiyo itaonekana sasa, na kwamba neno hilo nimelileta mimi mwenyewe nyumbani kwake na karatasi yangu, nisilikatae.

Halafu akaniuliza kama ile karatasi bado ipo, na kama ile sifuri inaweza kufutwa. Nilimwambia Bwana Zaidi ameshaondoka nazo. Akasema haidhuru, jibu lake anajua pa kulipeleka. Jumatatu aliuza yule beberu wake mweupe, yule anayemfuata mpaka kanisani, akampa mtu aniletee pesa hizi. Utazikuta humu ndani, nimezikunja kwenye karatasi ya daftari. Ni nauli yako, Tabora mpaka Bahi, daraja la tatu. Anasema hiki ndicho kiasi alicho radhi kulipa. Usimrudishie wala usimwongezee, utamwudhi. Kata tiketi.

Kuhusu mimi, nitasimama stesheni siku utakayosema. Ukitaka kunisalimia unisalimie, ukitaka kunipita unipite, patasi nitakubebea nyuma yako. Rodgers anakusalimu, watoto wanakuamkia. Msalimie sana wifi Anjelina na wanangu wote, na Mungu awalinde mpaka barua hii iwafikie mikononi.

Zamani mama alinituma kwako nikageuza maneno yake njiani. Safari hii nimeyafikisha kama yalivyo.

Ni mimi mdogo wako niliyeonyesha kidole,

Edina